Herufi za Mwanzo za Maneno ya Kiingereza: Mazungumzo Mbele ya Walimu na Wazee



Nimetakiwa niseme habari za maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi zilezile, na maana zake. Najua baadhi yenu hamsomi Kiingereza, na pengine mwasema moyoni, "Haya yatuhusu nini?" Nawaomba mkae. Barua huandikwa kwa lugha hiyo zikaja mikononi mwenu. Mapipa na makopo huandikwa kwa lugha hiyo yakaingia ghalani mwenu. Na mtu wa kuwasomea ni mtoto wa shule, au karani kama mimi. Basi ni heri mjue mahali ambapo msomaji wenu huweza kukosea. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba nimekuja kuwacheka wengine.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, nilipokuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na shati lililopigwa pasi vizuri, alinijia mzee mmoja jirani yetu. Mzee huyu alikuwa tarishi kwa miaka mingi, na mkubwa wake wa kazi alikuwa amestaafu akarudi kwao. Siku ya kuagana alimwachia barua ya sifa. Mzee hakujua kusoma. Aliikunjua barua ile juu ya meza yangu polepole, kama mtu akunjuaye nguo ya arusi, akasema, "Mwanangu, nisomee, nijue amesema nini juu yangu."

Barua ilikuwa fupi. Nikasoma mpaka nikafika mahali palipoandikwa kwamba utumishi wa mzee huyu ulikuwa "invaluable". Neno lile sikulijua. Lakini nalijua "valuable", yaani kitu chenye thamani. Tena nalijua "in" ikikaa mbele ya neno, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba "correct" ni sahihi na "incorrect" si sahihi, "visible" ni chenye kuonekana na "invisible" ni kisichoonekana. Nikafanya hesabu yangu upesi, maana karani kijana haoni fahari kusema "sijui". Nikamwambia, "Mzee, asema kazi yako haikuwa na thamani."

Hakusema neno. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni, akanishukuru, akaenda zake. Alinishukuru! Nitarudi kwake baadaye.

Kwanza nataka mwone sababu ya kosa lile, kwa maana si ujinga mtupu. Sisi tumezaliwa katika lugha ambayo maana huingia kwa mlango wa mbele. Mtoto, kitoto, utoto: shina ni moja, na herufi za mwanzo ndizo zinazotuambia kama habari ni ya mtu, au ya kitu kidogo, au ya hali. Mwingereza, Kiingereza, Uingereza: mtu, lugha, nchi. Kwa hiyo Mswahili akikutana na neno geni hulishika kwanza kichwani, kama mtu ashikavyo mbuzi pembe. Desturi hii ina nguvu hata imewageuza wageni waliokuja kwetu. Mwarabu husema "kitab", na ile "ki" kwake ni sehemu ya shina. Sisi tuliisikia tukaidhani ni "ki" yetu ya kiti na kisu, tukasema kitabu kimoja, vitabu viwili. Mwarabu husema "waraqa" kwa jani na kwa karatasi. Nasi makarani twasema waraka mmoja, nyaraka nyingi, kana kwamba neno hilo ni jamaa ya wavu na nyavu. Hata pale barabara zinapokutana kwa mviringo, palipokuwa na ubao ulioandikwa "keep left", yaani shika upande wa kushoto, sisi tulipata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Na "mudguard", lile bamba la kuzuia tope juu ya gurudumu, tulilisikia kuwa madigadi, tukaona ni mengi, basi moja likawa digadi.

Hapana ubaya katika haya. Mgeni akiingia nyumbani kwako huketi kwa desturi za nyumba yako. Ubaya ni wewe kwenda nyumbani kwake ukaketi kwa desturi zako. Katika Kiingereza herufi za mwanzo zina sheria nyingine, na mara nyingine hazina sheria yo yote.

Chukueni hiyo "in" iliyonikosesha. Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na katika Kilatini zilikuwako "in" mbili, zilizofanana kwa sura ingawa hazikuwa ndugu. Moja ni ya kukana, nayo ni jamaa ya ile "un" ya Waingereza katika "unhappy", asiye na furaha. Ya pili ni ya kuingia, au kuwa ndani au juu ya kitu. Zote mbili zilikuja katika Kiingereza, na leo zinakaa kichwani pa maneno bila alama ya kuzitenga. "Incapable" ni asiyeweza, hapo yakana. "Inscribe" ni kuchora maandishi juu ya kitu, "inhabit" ni kukaa mahali, "invade" ni kuingia nchi ya watu kwa vita. Hapo haikani hata kidogo.

Tena "in" hii haidumu na sura moja. Mbele ya l hugeuka l, mbele ya r hugeuka r, na mbele ya m, b na p hugeuka m. Walimu hawatashangaa, kwa maana twasema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, n ikawa m, kwa kuwa ulimi wataka raha yake. Basi angalieni maneno haya. "Illegal" ni kinyume cha sheria. "Illuminate" ni kutia nuru. "Impossible" ni jambo lisilowezekana; "import" ni kuleta bidhaa ndani ya nchi. "Irregular" ni kisichofuata kanuni. "Irrigate" ni kuyaongoza maji yaingie shambani. Kijana aliyeshika "ir" ya "irregular" peke yake aweza kumwambia mkulima kwamba karatasi ya "irrigation" inamkataza jambo, kumbe ni maji yanakuja. Mkulima atie sahihi au akatae kutia? Hapo ndipo herufi mbili zinapokuwa shamba zima.

Lakini neno la hatari kupita yote ya jamaa hii ni "inflammable". Utaliona juu ya mapipa ya petroli, juu ya makopo ya rangi na ya dawa ya kuiyeyusha, na nyuma ya magari yabebayo mafuta. Shina lake ni "flame", mwali wa moto. Kwa hesabu yangu ya siku ile ungesema, "Kitu hiki hakina mwali, hakishiki moto," ukaweka pipa karibu na jiko ukalala usingizi. Kumbe ile "in" ni ya kutia, si ya kukana. Neno hili limetoka katika kitendo cha Kilatini "inflammare", maana yake kuwasha, na lasema kwamba kitu kilichomo ndani huwaka upesi. Pipa linapiga kelele, nawe unasikia linanong'ona habari za usalama.

Msidhani kwamba kosa hili ni letu sisi wageni tu. Wenye lugha wenyewe waliliogopa. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa limezuka neno "flammable", lenye maana ileile bila ya "in", lakini watu wengi hawakulijali. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kikaanza kuwahimiza watu walitumie hilo. Na mwaka 1959 shirika la viwango la Uingereza, British Standards Institution, likatoa shauri kama hilo: andikeni "flammable" kwa kiwakacho na "non-flammable" kwa kisichowaka, ili pasiwe na mashaka. Lakini neno la zamani halikufa. Basi leo mtayaona yote mawili, moja lenye "in" na moja lisilo nayo, na maana ni moja: weka mbali na moto. Lugha gani hii, mtu aongeze herufi mbili asiongeze kitu! Nawaomba walimu waandike maneno hayo mawili ubaoni, wayaache wiki nzima, hata kwa darasa lisiloanza bado sarufi.

Na wale waliosoma Kifaransa, kama ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, wana shida yao. Mfaransa huandika "inflammable" kwa kiwakacho, sawa na Mwingereza, na akitaka kukana huongeza "in" nyingine mbele, "ininflammable". Hapo hapana neno. Lakini "inhabitable" kwa Mwingereza ni mahali panapofaa kukaliwa na watu, na kwa Mfaransa ni mahali pasipofaa. Herufi ni zilezile, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Mwenye kupangisha nyumba karibu na mpaka na ajihadhari.

Sasa "invaluable". Hapa "in" ni ya kukana kweli, sikukosea hapo. Nilikosea katika kujua inakana nini. "Value" si thamani tu, bali ni kitendo pia, kukitia kitu bei. Na "invaluable" ni kile ambacho hakiwezi kutiwa bei, kwa kuwa kila bei utakayoitaja ni ndogo. Nasi tunayo maneno ya namna hii, ila hatuyatazami kwa kuwa tumeyazoea. Twasema "mtu huyu hana kifani", wala hakuna asikiaye ile "hana" akadhani mtu ametukanwa. Laiti ningalikumbuka siku ile neno hilo moja la nyumbani! Kinyume chake ni "infamous". "Famous" ni mtu mashuhuri. Lakini "infamous" si mtu asiyejulikana. Ajulikana sana, tena kwa ubaya. Ukimwandikia mgeni wako wa heshima kwamba ni "infamous", hutamwona tena.

Yako mengine ya jamaa hii ambayo "in" imejificha ndani yake, na mimi nayapenda. Mtoto mchanga huitwa "infant", na kwa Kilatini maana yake ni asiyesema. Asiye na hatia huitwa "innocent", yaani asiyedhuru. Na adui, "enemy", kwa Kilatini alikuwa "inimicus", asiye rafiki. Neno lilipopita katika Kifaransa ile "in" ilichakaa ikawa "en", na leo hakuna mtoto wa shule aitambuaye. Na yako yenye "in" ambayo si kitu cho chote. "India" limetokana na jina la mto Indus. "Inch", kipimo cha fundi, limetoka katika neno la Kilatini "uncia", sehemu moja katika sehemu kumi na mbili, na "ounce", kipimo cha uzito, limetoka katika neno hilohilo. Ukitafuta kukana hapo utachimba kisima juu ya jiwe.

Nitapita upesi katika herufi nyingine, maana jua linashuka na wako waliokuja kwa miguu. "Un" yenyewe ina kazi mbili: "unhappy" yakana hali, lakini "untie" ni kukifungua kilichofungwa. Wala "uniform", sare za askari na za watoto wa shule, hazina "un" hiyo. Limetoka katika "unus", moja, na maana yake umbo moja. "Union" ni jamaa yake, umoja. Katika "forbid", kukataza, na "forget", kusahau, na "forsake", kuacha, ile "for" siyo "for" mnayoijua ya "kwa ajili ya". Ni neno la kale lililokuwa na maana ya kutenga au kuzuia. Na "with", ambayo leo twaifasiri "pamoja na", zamani ilikuwa na maana ya kupingana na kitu. Maana hiyo ya kale imebaki katika "withstand", kusimama imara mbele ya adui, na katika "withhold", kuzuia kitu kisitolewe. Mtu aliyeandikiwa kwamba mshahara wake ni "withheld" asifurahi akidhani umeshikwa pamoja na mwingine ili ukue.

Neno moja la "dis" sina ruhusa kulipita mbele ya wazee wa baraza. Waingereza husema kwamba mwamuzi imempasa awe "disinterested". Sasa "interest" ina maana nyingi. Moja ni hamu ya kusikiliza jambo, na nyingine ni faida au fungu la mtu katika jambo. "Uninterested" ni asiye na hamu, mzee anayesinzia mashahidi wakisema. "Disinterested" ni asiye na fungu lake: ng'ombe wanaogombaniwa si wake, wala si wa shemeji yake, wala hakuahidiwa ndama. Basi ukifasiri neno la pili kwa maana ya kwanza, umewaambia watu kwamba sheria yataka mwamuzi asiyejali! Nami lazima niseme kweli, Waingereza wenyewe huyachanganya maneno haya, tena si leo tu. Kwa hiyo mkilikuta katika karatasi ya shauri, mwulizeni aliyeandika alikusudia nini.

Sasa walimu, hili ni lenu. Yako maneno ambayo herufi zake za mwanzo zinafanya kazi karibu kama zetu, na watoto huyashika upesi wakionyeshwa hivyo. "Where" yauliza, wapi? "There" yaonyesha, pale. "Here" yaonyesha karibu, hapa. Vivyo hivyo "whence, thence, hence": kutoka wapi, kutoka pale, kutoka hapa. Na "whither, thither, hither": kwenda wapi, kwenda pale, kuja hapa. Haya ya mwisho ni ya kizamani, hukutwa zaidi katika vitabu vya kale, lakini yanaonyesha mpango wazi. "Wh" ni mwenye kuuliza: "what", "when", "which", "why". "Th" ni kidole cha kuonyeshea: "this", "that", "then", "thus". Na h ni ya karibu, kama ilivyo kwetu katika hapa, huku, huyu na hiki. Msidhani nasema kwamba lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja. Zimekutana njiani tu.

Mtaniuliza, "Je, 'thief', mwizi, na 'thumb', kidole gumba, navyo vyaonyesha?" La. Na hapa Mswahili ana masikio mazuri kuliko wengi, kwa kuwa sisi twaziandika mbali herufi ambazo Mwingereza ameziandika pamoja. Maneno ya kuonyesha, "this", "that", "there", "then", husomwa kwa sauti ya dh, ile ya dhahabu. "Thief", "thumb" na "three" husomwa kwa sauti ya th, ile ya thelathini. Sauti ya dh mwanzoni mwa neno la Kiingereza haipatikani ila katika maneno hayo madogo ya kuonyesha na wenzao wachache wa kuunganisha maneno. Mwalimu aliyekulia pwani aweza kulifundisha jambo hili kwa siku moja.

La mwisho ni la ajabu zaidi, wala sidai kwamba nimelimaliza. Yako maneno yenye herufi za mwanzo zilizo sawa, na maana zake zinakaribiana, lakini ukizikata herufi hizo kinachobaki mara nyingi si neno. "Snore" ni kukoroma, "sneeze" kupiga chafya, "sniff" kunusa kwa kuvuta pumzi, "snort" kutoa pumzi kwa nguvu kama farasi, "snout" pua ya nguruwe, "snuff" ugoro. Yote ni ya pua. Tena "gleam", "glow", "glitter", "glare": yote ni ya mwanga, na "glass", kioo, kimo pamoja nayo. Hata "glad", mwenye furaha, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kung'aa. Na maneno ya "wr", ambayo w yake haitamkwi siku hizi, yamepindika: "wring" ni kukamua nguo kwa kuisokota, "wrestle" kupigana mieleka, "wrist" kiungo cha mkono kinachozunguka, "wreath" shada la maua lililosukwa, "wrinkle" kunyanzi la uso. Na "wrong", kosa, asili yake ni kitu kilichopinda. Nasi tukisema mtu amepotoka twasema neno hilohilo, kwa kuwa kupota ni kusokota uzi.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. John Wallis, mtaalamu wa hesabu wa Oxford, ndiye aliyeleta ile alama ya nane iliyolala ambayo wenye hesabu huitumia kwa kitu kisicho na mwisho. Huyu aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, ikatoka mwaka 1653, na katika sarufi hiyo alipanga mafungu ya sauti za mwanzo na maana alizozisikia ndani yake, likiwamo hilo la "wr" la kupinda. Mwaka 1930 J. R. Firth, aliyekuwa amefundisha miaka kadhaa huko Lahore, alilipa jambo hili jina la kitaalamu katika kitabu chake kiitwacho "Speech".

Lakini msilifanye kuwa sheria. "Snake", nyoka, na "snow", theluji, havina pua. "Glove", mfuko wa mkono, haung'ai, wala "glue", gundi. Ni kama kwetu. Nyamaza, nyata, nyemelea, nyong'onyea: nikiyasema pamoja nasikia unyayo wa mtu asiyetaka kusikiwa. Kisha nasema nyama, nyumba na nyanya, na yule mtu amekwisha toweka. Ila sisi mara nyingi sauti ya namna hii twaiweka nje ya neno, peke yake: ameanguka chubwi majini, nguo nyeupe pee, usiku mweusi tii. Mwingereza ameitia ndani ya kinywa cha neno lenyewe.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, afanye nini basi, yeye asiyesoma, karatasi ikimjia. Nilimjibu kwamba amwulize msomaji swali moja: "Neno hili walijua, au walikisia?" Na msomaji akikisia, apelekwe kwenye kamusi, au kwa mtu mwenye kamusi, kabla ya kidole gumba kutiwa wino. Nami naliulizwa swali hilo? Sikuulizwa. Mzee wangu aliniamini.

Ilipita zaidi ya mwaka. Siku moja nalitafuta neno jingine katika kamusi, na macho yangu yakakutana na "invaluable". Nilisoma mara tatu. Sikungoja mwisho wa juma. Nilimaliza kazi saa kumi nikaenda kwake kwa miguu. Nilimkuta chini ya mwembe, anasuka ukili. Nikamwambia, "Mzee, ile barua nilikusomea vibaya."

Aliendelea kusuka. Ndipo nikapata habari ambayo sikuijua. Miezi mingi kabla ya siku hiyo, shule moja ya karibu ilitaka mlinzi, mtu mzima mwaminifu, na wenye kutaka kazi waliambiwa waje na barua zao za sifa. Yeye alikwenda mikono mitupu, na kazi akapewa mwingine. "Ningepelekaje," akasema, "karatasi inayonitukana?" Hakusema kwa ukali, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, habari ya "in" na habari ya bei. Akauliza, "Haina bei, au haina thamani?" Nikamjibu, "Haina bei, mzee, kwa sababu imeshinda kila bei." Akaweka ukili chini. Akamwita mkewe kutoka jikoni, akawaita na watoto wa nduguye waliokuwa wakicheza uani, akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na ile barua, ikiwa na mikunjo yake ileile, akanipa.

Nikaisoma mbele yao, neno kwa neno, nikaifasiri. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, mkewe akimtazama. Kisha akaniambia niisome tena, na safari hii nisome polepole.